Cheti cha Kifo cha Bi Mkubwa

Nchi yetu ina bahati ya kuwa na Wizara ya Vitu Vilivyosimama. Nimesikia kwamba katika nchi nyingine kitu kikisimama huachwa kisimame chenyewe, bila waziri. Kwetu hapana. Kiwanda cha viatu kiliposimama, aliteuliwa mkurugenzi wa kusimama kwake. Treni iliposimama, ikaundiwa bodi. Wizara yenyewe iko katika jengo la ghorofa tisa, na lifti yake nayo imesimama, chini ya uangalizi wa mkurugenzi msaidizi.

Kitu kikubwa kuliko vyote vilivyosimama nchini ni Kituo cha Taifa cha Kujaribia Injini za Ndege, na ndipo nilipozaliwa. Usishangae. Rais wa Kwanza alipewa zawadi na nchi rafiki, akaambiwa achague kati ya hospitali na kituo. Akasema hospitali kila nchi inayo. Ndege hatukuwa nazo, lakini tulielezwa kwamba siku tutakapozipata itakuwa aibu kukutwa hatujajiandaa. Basi ikaletwa injini moja ya mfano. Ikajaribiwa mara mbili kwa wiki kwa miaka kumi na moja, na kila mara ikafaulu. Mwaka wa kumi na mbili ikafeli, nadhani kwa kuchoshwa na mitihani, ikarudishwa kwao mbovu, ikiwa na cheti cha utumishi wa muda mrefu.

Majengo yakabaki. Ni matatu, kuta zake za zege zina unene wa mtu mzima aliyelala, madirisha hakuna, na milango ni ya chuma inayotembea juu ya reli. Jengo la kwanza lilikuwa la kuvuta hewa. La tatu tuliliita Koo, kwa sababu moshi na kelele vilipelekwa humo vikamezwe. Katikati, kwenye jengo kubwa kuliko yote, alikuwamo Bi Mkubwa: feni la kusukuma hewa, pana kama duka la kona, limekaa kwenye mhimili mrefu kuliko mabasi mawili.

Kelele za Bi Mkubwa ziliisha kabla sijazaliwa, ila zilituachia tabia. Nyuma ya uzio kulikuwa na nyumba arobaini na tatu za wafanyakazi, na watu wake walikuwa wamezoea kusemezana kwa mikono. Mpaka leo mama yangu, Bi Tausi, akiniita kula ananionyesha vidole vitano mdomoni hata kama nimekaa karibu naye kiasi cha kumkanyaga. Watu wa mjini wanatuita Viziwi. Hatuwajibu, nao wanadhani hatukusikia.

Katika ishara zote hizo, moja haikuchezewa. Wawili wanaposhika mtaimbo mmoja mzito, hakuna anayeuachia mpaka mwenzake agonge ngumi kifuani mara moja. Maana yake: nimeshika. Ukigonga wakati hujashika, mwenzako anaachia, chuma kinarudi, mtu anakufa. Kwa hiyo mtaani kwetu mtu aliweza kudanganya juu ya mke, juu ya umri, hata juu ya dini, lakini kwa ngumi kifuani hakuna aliyewahi kudanganya. Hata posa zetu zilifungwa hivyo. Baba wa bibi harusi anauliza kwa macho, bwana harusi anagonga kifua, watu wanakula pilau.

*

Kazi yangu ilikuwa kumgeuza Bi Mkubwa.

Nilifundishwa na Fundi Kapufi, fundi wa mwisho wa kituo. Alikuwa ameshika mtaimbo mmoja na baba yangu miaka ishirini. Baba alipofariki, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba, Fundi Kapufi alikuja msibani akanipa mikono, akaniambia, "Upande wa baba yako uko wazi, binti yangu."

Akanieleza kwamba chuma kirefu kikilala upande mmoja hupinda kwa uzito wake, kama ubao wa kitanda cha mtu mnene. Kwa hiyo kila asubuhi tuliingiza mtaimbo kwenye tundu za mhimili, tukausukuma robo duara, tukajaza mafuta kwenye vikombe vya beringi. Halafu mimi nachora alama ya chaki na tarehe, mkabala na msumari uliopigwa ukutani, ili kesho ijulikane tulipoishia. Robo duara kila siku, miaka tisa. Magoti ya Fundi yalipochakaa, nikawa nasukuma peke yangu, yeye anakaa kwenye ndoo ananihesabia.

"Unasukuma kama unabembeleza," ananiambia.

"Nikimsukuma kwa hasira atanijibu, Fundi."

"Atajibu nini, huyo? Hana mdomo."

"Wewe umesema mwenyewe ni Bi Mkubwa."

Hatukufanya hivyo kwa mapenzi ya vyuma tu. Ipo Sheria ya Vyombo Hai, na Fundi Kapufi ndiye aliyeigundua, kwenye karatasi iliyofungiwa karanga. Inasema mashine ya serikali ikiwa inazunguka ni hai, na watu waliopewa nyumba kwa ajili ya mashine iliyo hai hawaondolewi. Sheria haikutaja kasi. Basi paa la mama yangu, na mapaa mengine arobaini na mawili, yalikuwa yamening'inia kwenye ile robo duara.

*

Ndipo Mheshimiwa Waziri wa Vitu Vilivyosimama alipokuja na gari kumi na nne, akapanda kwenye jukwaa lililojengwa mbele ya Koo.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wapo wanaosema serikali haifanyi kitu. Nawauliza: kitu kisichofanywa kinaweza kusimama? Hakiwezi! Ili kisimame, lazima kiwe kimefanywa!" Tukapiga makofi, maana alitusubiri. "Kwa hiyo serikali yenu sikivu imeamua kujenga mahali hapa Makumbusho ya Maendeleo Yajayo. Watoto wetu watakuja kuona, nyuma ya vioo, mambo yote tutakayokuja kuyafanya!"

Jirani yetu Mama Chubwa, anayeuza maandazi, akainua mkono. "Mheshimiwa, na sisi tutakuwa wapi?"

"Nyinyi, mama, mtakuwa kwenye historia."

Akaeleza kwamba serikali haivunji sheria. Itakuja Tume baada ya wiki mbili kuthibitisha kama mashine ni hai au imekufa. Ikiwa hai, tutabaki. Ikiwa imekufa, tutapewa pole.

Tulirudi nyumbani tukicheka kwa mikono. Imekufa! Wakati jana tu nimeigeuza! Mama Chubwa alikuwa anamwonyesha kila anayepita jinsi Waziri atakavyoanguka Bi Mkubwa akizunguka, na mwenyewe alianguka vizuri mpaka akachafua gauni.

*

Kesho yake Fundi Kapufi aliniita kwenye ile ndoo yake. Mkononi alikuwa na barua yenye muhuri.

"Sikitu, binti yangu, kuna tatizo. Hujawahi kuchukua likizo."

"Likizo ya nini? Mimi sina hata barua ya kazi."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Wizara imegundua. Mtu akifanya kazi ya serikali miaka tisa bila likizo, kazi yote hiyo inahesabika haikufanyika. Tume ikija, watasema mizunguko yako ni batili. Mashine itaonekana imekufa tangu ulipoanza kuigeuza."

Nilifikiri. Katika nchi nyingine maneno hayo yangesikika ya ajabu. Kwetu yalikuwa ya kawaida kabisa, na muhuri ulikuwa wa mviringo.

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili. Nenda kwa dada yako Hadiya, si amejifungua? Kambebee mtoto. Utarudi siku ya Tume, umepumzika, halali."

"Na magoti yako, Fundi?"

Alinyanyuka kwenye ndoo, akasimama wima kama zamani, akagonga ngumi kifuani mara moja.

Nikaachia.

*

Nilirudi asubuhi ya Tume, nimenenepa, mgongo haunisumbui. Mtaa mzima ulikuwa umevaa nguo za sikukuu. Mama alikuwa amefua mapazia, kwa sababu alisema wakubwa wakishaona Bi Mkubwa ni mzima watataka kuingia kunywa chai.

Tume ilikuwa na watu kumi na saba. Alikuwamo daktari, wa watu, kwa sababu wa mashine hakupatikana. Alikuwamo mpigapicha. Alikuwamo afisa itifaki aliyebeba shada la maua lenye utepe mweusi, akiliweka mara huku mara kule akitafuta mahali patakapopendeza.

"Wameleta maua kabla ya kuuliza hali ya mgonjwa," alisema Mama Chubwa.

Tukaingia. Daktari akamwekea Bi Mkubwa vyombo vyake vya masikioni, akamwambia avute pumzi, akaandika kitu. Kisha Mwenyekiti wa Tume, bwana mpole mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kwenye paji, akasema, "Nani anayedai kwamba mashine hii inazunguka?"

"Mimi," nikasema.

Nikaenda kuchukua mtaimbo. Daftari la zamu, tulimotia vema kila siku tuliyogeuza, lilikuwa kwenye msumari wake, na ndani yake kulikuwa na alama za vema kumi na mbili, mwandiko wa Fundi Kapufi, zimepangwa vizuri. Nikafurahi. Halafu nikatazama mhimili.

Alama yangu ya chaki ilikuwa pale pale. Ile ya siku niliyoondoka, tarehe kwa mwandiko wangu, mkabala na msumari, haikusogea hata unywele. Nikaingiza kidole kwenye kikombe cha mafuta. Kilitoka na vumbi.

Nilimtafuta Fundi kwa macho. Alikuwa amesimama upande wa Tume. Amevaa tai.

Nikamuuliza kwa mkono mmoja, chini chini: Hukugeuza?

Akanijibu: Sukuma tu.

Nikamwambia: Uligonga kifua.

Akatazama dari.

Watu wetu wote waliyaona mazungumzo yale. Mikono ikaanza kupanda, ikiuliza, ikilaani, ikimtaja mama yake. Tume ilidhani tunafukuza nzi. Afisa itifaki akaomba radhi kwa usafi wa mahali.

Nikaingiza mtaimbo nikasukuma. Ilikuwa kama kusukuma ukuta. Nikabadilisha mkono. Mama Chubwa akavua viatu vyake vya sikukuu akaja. Akaja mama yangu. Wakaja wengine, mpaka tukawa kumi na mmoja kwenye mtaimbo mmoja, tumeng'ang'ania, jasho linatiririka, na hakuna hata mmoja aliyesema kitu kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini.

Mahali fulani ndani kabisa, Bi Mkubwa akaguna. Vumbi likamwagika kutoka juu. Na alama ya chaki ikasogea, vidole viwili.

Vigelegele vilivyopigwa humo ndani, kwenye kuta zile, vilimwangusha mpigapicha. "Nimeona!" daktari akapiga kelele, akasahau alikuwa upande gani. "Umesogea!"

Mwenyekiti akavaa miwani yote miwili. Akakubali kwamba mhimili umesogea. Alisema Tume haina chuki na mtu, na kama umesogea umesogea, ila kuna jambo la kitaalamu ambalo lazima aulizwe mtaalamu. Akageuka. "Fundi Kapufi. Wewe umeishi na chombo hiki miaka thelathini na minane. Tulichokiona ni uhai?"

Neno moja tu, na lilikuwa kwake, mfukoni, kama ufunguo. Nyumba arobaini na tatu zilikuwa zinamtazama mdomo. Nilimwomba Mungu, na nilimwomba yeye pia, maana kwa wakati ule sikuona tofauti kubwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Fundi Kapufi, na sauti yake ilikuwa nzuri, haikutetemeka, "huo si mzunguko. Huko ni kukata roho. Hata kuku ukishamchinja hurusha mguu."

Wakaandika. Saa ya kifo: saa nne na dakika ishirini. Sababu: kusukumwa na watu wasio na utaalamu. Kwenye mstari wa ndugu wa marehemu, akatia sahihi Fundi Kapufi. Afisa itifaki alipata mahali pazuri pa shada. Palikuwa juu ya mtaimbo.

*

Tulipewa siku kumi na nne na pole. Siku ya kumi na tano yalikuja magreda. Sitaeleza sana. Mama alitaka kufunga mlango kwanza, akafunga, akatia ufunguo kwenye kanga, halafu greda likapita.

Nyumba moja iliachwa. Ilikuwa ya Fundi Kapufi. Ilipakwa rangi, ikawekewa kamba nyekundu mbele na kibao: MFANYAKAZI WA ZAMANI KATIKA MAZINGIRA YAKE. Yeye ndiye aliyekuwa mfanyakazi. Kazi yake mpya ilikuwa kukaa barazani kuanzia saa tatu hadi saa kumi, akionekana wa zamani.

Mimi na mama tulipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Kelele zake ni nyingi na wapangaji wengine hugombana kwa kutosikilizana. Sisi tuliishi kwa raha, tukisengenya mbele yao.

Huko ndiko Fundi Kapufi alikonikuta, akiwa na tai yake. Mama alimpa kigoda, akaingia ndani.

"Sikitu, binti yangu. Umekonda."

"Likizo imeisha."

Akameza neno hilo. "Nilikuwa na njia gani? Walisema watavunja zote. Nikaona bora ibaki moja. Kumbukumbu ya sisi sote."

"Na imekuwa yako."

"Ilibidi iwe ya mtu." Akavuta kigoda karibu. "Sikiliza. Ufunguzi ni baada ya siku kumi na tatu. Waziri anataka amsukume Bi Mkubwa kwa mkono wake, azunguke, iwe ishara ya maendeleo yajayo. Nimemwahidi. Lakini amepinda, hasogei. Wewe unamjua. Niambie afanyweje, nami nitakuombea chumba cha nyuma kule kwangu, wewe na mama yako. Mtakuwa Familia ya Zamani."

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyapanga kichwani usiku mwingi, mengine yalikuwa matamu sana. Lakini nilipomfikiria Bi Mkubwa amelala pale kapinda upande mmoja, nikashindwa kuyatumia. Hakunikosea kitu, yeye.

"Mwekeeni winchi," nikasema, "mumgeuze polepole nusu duara tu, ule upande uliopinda uwe juu. Jazeni mafuta. Halafu mumwache, msimguse siku kumi na mbili. Uzito wake mwenyewe utamnyoosha. Siku ya kumi na tatu hata mtoto atamsukuma. Na chumba sikitaki."

Akabana jicho, kama mtu anayekagua noti asije akapewa ya bandia.

"Dawa yake ni kumwacha?"

"Ndiyo."

"Siku kumi na mbili?"

"Kwa upande wa pili."

Akacheka, akanitikisia kidole. "Siku kumi na mbili! Unanitega, Sikitu. Unataka nikae kimya mpaka siku ya Waziri, niaibike mbele ya watu. Hata mimi ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

"Nimekwambia kweli, Fundi."

"Kwa nini uniambie kweli?"

Akaondoka ameridhika kwamba amenigundua.

Nilisikia baadaye alivyofanya. Alileta greda, lile lile, akamfunga Bi Mkubwa mnyororo, akamvuta siku hiyo hiyo kwa nguvu zote. Mlio wake ulisikika mpaka sokoni. Beringi zikapasuka zote nne, mhimili ukakaa chini kwenye zege, na hapo hakuna fundi wa kuuinua, wa kwetu wala wa nchi rafiki.

*

Ufunguzi tuliusikia redioni. Waziri alisukuma. Tulisikia pumzi zake. Kisha kimya, kisha makofi marefu, na mtangazaji akasema kwa furaha kwamba mashine imezunguka kwa kasi kubwa ambayo macho ya binadamu hayawezi kuiona.

Mama akazima redio. Alikuwa hajasema neno kwa mdomo tangu siku ya greda. "Amesema imezunguka?"

"Amesema."

"Waziri mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kama inazunguka ni hai. Kama ni hai hatuondolewi. Vaa viatu."

Tukaenda Wizarani, familia arobaini na mbili, tukapanda ghorofa tisa kwa miguu. Tulikaa kwenye ngazi wiki tatu. Mwanasheria wa Wizara alifungua vitabu vyake, akavifunga, akatokwa na jasho. Kusema mashine haikuzunguka hakuweza, kwa sababu angekuwa anamwita Waziri mwongo. Kwa hiyo akafanya haki. Nasema kweli, tulipewa haki. Kila familia ilipewa barua yenye muhuri wa mviringo, inayosema kwamba haki yake ya kuishi katika nyumba yake, namba imetajwa, imerudishwa kikamilifu kuanzia leo, bila kuingiliwa na mtu yeyote.

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Uwanja ulikuwa umesawazishwa vizuri, umepandwa majani. Watu walitawanyika na barua zao, wakipima kwa hatua kutoka kwenye ukuta wa Koo, ambao haukuvunjika kwa sababu hakuna greda linaloweza kuuvunja. Mama Chubwa alipata jiko lake, au alisema amelipata, akakaa chini hapo. Mama yangu aliuliza nimsomee barua tena, namba tu. Nikamsomea. Akasogea hatua mbili kushoto, akaangalia miguuni, akasema hapa ndipo sebuleni, tusikanyage na viatu.

Fundi Kapufi alikuwa barazani nyuma ya kamba nyekundu, maana ilikuwa kabla ya saa kumi. Wageni wawili walikuwa wanampiga picha. Mama akamsalimia, kwa kuwa ni mtu mzima mwenzake, akamuuliza habari za magoti. Akajibu nzuri.

Kisha akanigeukia mimi, akatulia, uso ameuandaa kama wazee wanavyouandaa, akingoja shikamoo yangu.

Nilivua viatu, nikaingia sebuleni kwetu.